Kauli ya Pili

Upepo wa Singida haukuwa na adabu siku ya fainali. Tangu asubuhi ulikuwa ukiwavua wanaume kofia na kuwafunika kina mama nyuso kwa mitandio yao wenyewe, na kule juu ya majabali mitambo ya umeme wa upepo ilizunguka mpaka ukiitazama sana unapata kizunguzungu. Wakuu wa mashindano walipodhani sasa umechoka, ukaingia kwenye nyaya za vipaza sauti na kuvikata pumzi, tena wakati ule ule uwanja mzima uliponyamaza kusubiri jina moja.

Eliwaza Ntandu hakujua kwamba vipaza sauti vimekufa. Yeye alikuwa juu kabisa, katika chumba cha vioo cha fundi mkuu wa vipimo, kiti chake kimeelekea mstari wa mwisho. Mbio alikuwa ameziona kwa macho yake mawili. Mita mia moja za wanawake, na mbele ya wote wasichana wawili: Asnath wa njia ya nne, mwenye jezi ya kijani, na Mwamvita wa njia ya tano, mwenye jezi ya buluu. Walitoka pamoja, wakaenda pamoja, wakavuka mstari vifua vikiwa sambamba. Angeambiwa achague kwa jicho, asingeweza. Lakini jicho la binadamu lilikwisha kustaafishwa zamani uwanjani. Kazi hiyo ilikuwa ya Kauli.

"Mshindi ni Asnath," ikasema mashine, kwa ile sauti yake ya mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa kokote. "Kwa chembe moja."

Eliwaza akasubiri kelele. Kelele hazikuja. Watu waliendelea kukaa kimya wamekodoa macho, wasichana wawili wameshika viuno wakihema, na kule chini mwamuzi mkuu, Bi Sombi, akaweka kiganja kwenye sikio na kutikisa kichwa. Hatujasikia.

Basi Eliwaza akafanya jambo ambalo yeyote angemfanyia mama mtu mzima ambaye hajasikia. Akabonyeza kitufe ili jina litajwe tena.

"Mshindi ni Mwamvita," ikasema Kauli. "Kwa chembe moja."

Eliwaza alidhani masikio yanamchezea. Akabonyeza tena. Mwamvita. Akabonyeza tena. Asnath. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri tu.

Ukutani, mbele ya pua yake, palikuwa na kibao chenye herufi nyekundu: HAIULIZWI MARA MBILI. Kila chumba cha vipimo nchini kilikuwa nacho. Eliwaza alikuwa amekisoma kila siku ya kazi bila kukifikiria. Alikichukulia kuwa ni heshima, kama vile humwambii mkwe wako arudie alichosema. Haikumpitikia hata mara moja kwamba huenda walioandika kibao kile walikuwa wanaogopa.

Kauli ilikuwa imeikata sekunde moja vipande laki moja, na kila kipande kiliitwa chembe. Katika chembe moja, mkimbiaji hodari husogea unene wa unywele. Bastola ya kuanzia ilikuwa imeunganishwa nayo, vibao vya kusukumia miguu vilikuwa vimeunganishwa nayo, na mwisho wa mbio nguzo mbili zilirushiana pazia la mwanga lililotambua kifua kikipita, si pua wala mkono. Tangu mashine hiyo ije, hakuna wawili waliowahi kufika pamoja. Mambo hayo yakawanogea watu. Wakaipeleka Kauli kwenye mpira, timu zikifungana bao moja moja iseme nani alistahili. Wakaipeleka kwenye mitihani, kwenye foleni za zahanati, hata kwenye maonyesho ya kuku. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa, bila kuona vitu viwili vikilingana.

Eliwaza akainuka akasogelea kioo. Akazitazama zile nguzo mbili kule mstarini. Ukizipitia kwa haraka utasema zimesimama. Ukizikazia macho unaona zinatikisika. Kidogo sana, lakini ni zaidi ya unywele. Kauli ilijua kwamba zinatikisika, na kila ilipoulizwa ilikadiria upya zilikuwa zimeinama upande gani. Tarakimu ya mwisho, ile iliyowapa watu ushindi, haikuwa kipimo. Mashine ilikuwa inapiga ramli.

Hapo ndipo alipomkumbuka mume wake.

* * *

Kiula, mume wa Eliwaza na baba wa mtoto wao Elia, alikuwa bingwa wa mita mia moja wa mkoa. Alikuwa bingwa zamani kidogo, kabla ya kitambi, lakini mwenyewe aliliongelea jambo hilo kama vile limetokea juzi. Alimshinda rafiki yake Jingu kwa chembe moja. Ushindi huo ndio uliomfungulia mgahawa karibu na stendi, na mgahawa wenyewe uliitwa Chembe Moja. Aliuza supu ya kuku wa kienyeji, na kila bakuli lilikuja na hadithi. Hadithi ilikuwa ndefu kuliko mbio zenyewe, na mwaka hadi mwaka aliitia chumvi kidogo, mpaka siku hizi Jingu alikuwa amemtangulia katikati ya safari kwa hatua nzima ndipo Kiula akamfuata na kumnyaka mstarini.

Jingu mwenyewe alikuwa fundi wa baiskeli za umeme, ng'ambo ya barabara ile ile. Kila asubuhi alikuwa mteja wa kwanza wa Chembe Moja. Alikunywa supu yake, akasikiliza jinsi alivyoshindwa, akacheka pale pa kucheka, akalipa, akavuka barabara kwenda kazini.

Mbio hizo zilikuwa bado ndani ya Kauli. Mashine haikutupa kitu. Eliwaza alisimama mbele yake kwa muda, mkono unakwenda, mkono unarudi. Mwisho akazitafuta, akauliza.

"Mshindi ni Kiula. Kwa chembe moja."

Akapumua. Angeweza kuishia hapo, na hata leo wapo wanaosema angeishia hapo. Akauliza tena.

"Mshindi ni Jingu. Kwa chembe moja."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, Bi Sombi akaingia akitweta. Alikuwa mama wa miaka sabini na ushei, mwembamba, mwenye filimbi shingoni na ulimi usio na breki. "Mwanangu, umetuacha tumekaa kule chini kama mizigo iliyosahaulika! Ngazi hizi zitaniua. Sema, nani?"

"Bi Sombi, sijui."

"Hujui? Wewe? Na hilo dude lako je?"

"Nalo halijui." Eliwaza akazirudisha mbio za wasichana na kubonyeza kitufe mara tatu. Asnath. Mwamvita. Asnath. "Upepo, Bi Sombi. Nguzo zinatikisika. Hawa watoto wamefika pamoja, na mashine haina namna ya kusema hivyo. Haikufundishwa. Kwa hiyo inabahatisha."

Bi Sombi akalitazama dude. Akamtazama Eliwaza. Kisha akakaa kwenye kiti cha fundi mkuu bila kukaribishwa, akaangua kicheko mpaka akavua miwani na kujifuta machozi.

"Sare!" akasema. "Mungu wangu, nilidhani nitakufa kabla sijaliona tena. Mwanangu, hii ni sare!"

Eliwaza akageuka kuwatazama wasichana kupitia kioo. "Sare gani? Mmoja amevaa kijani, mwingine buluu."

"Sare haijathibitishwa," ikadakia Kauli, ambayo ilikuwa na tabia ya kudandia mazungumzo ikisikia neno inalolijua. "Jezi zinatofautiana rangi."

Bi Sombi akacheka upya. "Mnaona! Mmebakiwa na ile ya nguo tu. Ile nyingine mmeitupa. Zamani sisi, watu wawili wakilingana, tulikuwa tunasema wametoka sare."

"Halafu anashinda nani?"

"Hashindi mtu."

"Hashindi mtu? Watu wanakwenda nyumbani hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo! Na wanabishana njia nzima. Wewe acha tu, ilikuwa raha."

Eliwaza alijaribu kuiona picha hiyo kichwani, uwanja mzima unaondoka bila jina. Akaona kama anaambiwa habari za nchi nyingine. Lakini chini ya mshangao kulikuwa na kitu kingine, kitu chepesi, mithili ya mtu aliyefungua kifungo cha shingo. Kisha akakumbuka mgahawa, kitu kile chepesi kikaondoka.

Bi Sombi aliuona uso wake ukibadilika. Kicheko kikamwisha. "Baba Elia," akasema polepole.

"Nimeiuliza ya kwake pia."

"Na?"

"Hivyo hivyo."

Nje watu walianza kupiga makofi ya kukosa subira.

"Sikiliza," akasema Bi Sombi. "Mimi natangaza utakachoniambia wewe. Kauli ya kwanza ilisema Asnath, na hakuna aliyesikia ya pili isipokuwa sisi. Ukiniambia Asnath, nitasema Asnath, na kesho nitakwenda kwa mumeo kunywa supu kama kawaida. Ukiniambia sare, nitasema sare. Lakini ukilitoa neno hilo nje, mwanangu, halitakaa uwanjani. Litatembea. Litafika kwenye kila mahali palipoamuliwa kwa chembe moja."

"Najua."

"Litafika mpaka kwenye chungu cha supu."

"Bi Sombi, najua!"

* * *

Aliyefuata kupanda ngazi alikuwa Kiula mwenyewe, na alisikika kabla hajaonekana, maana alikuwa akisalimiana na kila mtu njiani. Aliingia na chupa ya chai kwapani na mfuko wa maandazi mkononi.

"Mama Elia! Kule chini wanasema mashine imekufa. Nimewaambia mke wangu hajawahi kufiwa na mashine. Shikamoo Bi Sombi."

"Marahaba, bingwa," akajibu Bi Sombi, na mara akajifanya kuisafisha filimbi yake.

Kiula akamimina chai, akasogelea kioo, akawatazama wasichana. "Lakini wamekimbia watoto hawa! Mmeona? Nimekaa na Jingu, nikamwambia, unaona, hivi ndivyo ilivyokuwa siku ile. Umenitangulia pale katikati, mimi nimekaza, nimekaza..."

"Baba Elia," akasema Eliwaza.

"...watu wamesimama, upepo unanipiga usoni..."

"Baba Elia, ngoja. Siku ile, ulipovuka mstari, ulijua kwamba umeshinda?"

Kiula akageuka. Hakuna mtu aliyewahi kumkatiza mahali hapo. "Nilijua nini?"

"Kwamba umemshinda Jingu. Kabla hujaambiwa. Wewe mwenyewe, mwilini mwako, ulijua?"

Alifungua kinywa kujibu kwa kishindo, kama anavyojibu mgahawani. Kisha akakifunga. Akainamia kikombe chake, akapuliza chai ambayo haikuwa na moto wa kupulizwa.

"Nilijua nilipoambiwa," akasema.

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilimwangalia Jingu, na yeye akaniangalia. Tukaanza kucheka. Tumelala chini, hatuna pumzi, tunacheka tu. Sijui tulikuwa tunacheka nini." Akakizungusha kikombe. "Halafu jina langu likatajwa. Jingu akaacha kucheka. Mimi nikaendelea."

Katika miaka yote ya ndoa yao Eliwaza hakuwa amewahi kuisikia sehemu hiyo. Haikuwamo kwenye hadithi ya supu.

"Kwa nini unaniuliza leo?" akasema Kiula.

Eliwaza akampenda mtu yule kwa nguvu kiasi kwamba ilimuuma kifuani, na kitambi chake, na kelele zake, na maandazi aliyoyabeba ngazi zote zile kwa kudhani mkewe ana njaa. Bi Sombi akakohoa. Kiula akamtazama Bi Sombi, akaitazama mashine, akamtazama tena mkewe. Kisha akafunika chupa ya chai vizuri na kuiweka mezani.

"Kunywa kabla haijapoa," akasema. "Watu wanasubiri."

Akatoka. Kwenye ngazi hakusikika akimsalimia mtu.

"Amejua," akanong'ona Bi Sombi.

"Hajajua. Ameogopa tu."

Eliwaza akakaa mbele ya kioo. Kuwa mkweli ni jambo zuri, lakini ni rahisi zaidi ukweli ukimwangukia mtu usiyelala naye kitanda kimoja. Akawaza kwamba angesema Asnath, basi. Nani angedhurika? Asnath angefurahi. Angekwenda kwenye mashindano ya bara kwa ile nafasi moja aliyotengewa mshindi, angerudi, siku moja angefungua kitu na kukipa jina la ushindi wake. Na Mwamvita? Mwamvita angezoea. Watu huzoea. Angepata kazi ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi angekuja kuketi, akasikiliza jinsi alivyoshindwa, akacheka pale pa kucheka.

Hapo akamwona Jingu. Si yule wa mbio, yule wa supu. Asubuhi ngapi yeye Eliwaza alipita katikati ya meza, amebeba bakuli, akamcheka Jingu pamoja na wateja wengine, akidhani anacheka na Jingu? Uso ukamwaka kwa aibu.

"Vipaza sauti vimerudi?" akauliza.

"Vimerudi sasa hivi."

"Basi twende chini. Hili nitalisema mwenyewe."

* * *

Upepo ulimpokea mlangoni ukamvua kilemba. Alisimama katikati ya nyasi akiwa kichwa wazi, kipaza sauti mkononi, Asnath upande huu na Mwamvita upande ule, na watu wote wakanyamaza hata wauza karanga.

"Asnath na Mwamvita," akasema Eliwaza, "wametoka sare."

Mnong'ono ukaanza kupita safu kwa safu. Sare? Sare ipi? Mwalimu wa Asnath akaruka kutoka kwenye benchi lake. "Jezi zetu zilikaguliwa asubuhi!" akafoka. "Tuna kibali!" Asnath akavuta fulana yake na kuitazama kama kwamba imempandia rangi nyingine bila yeye kujua. Na kutoka jukwaa la mashariki mama mmoja mnene akasimama, akaweka viganja mdomoni.

"Kitenge gani, mwaya? Tutajie duka tukanunue!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Lakini huku na huku, mmoja hapa na mwingine kule, wazee walikuwa wakisimama. Hawakuwa wanacheka. Walikuwa wanapiga makofi, na wajukuu zao wanawavuta nguo wakiuliza kuna nini.

Bi Sombi akanyakua kipaza sauti. "Si nguo, nyie! Sare maana yake wamelingana! Wote wawili wamefika saa ile ile!"

"Haiwezekani!" akapiga kelele kijana mmoja. "Kauli imesemaje?"

"Hebu tuisikie," akasema Eliwaza, akakitwaa tena kipaza sauti kilichounganishwa na Kauli, na mbele ya macho ya watu wote akafanya lile lililokatazwa. Akaiuliza.

"Mshindi ni Mwamvita," ikasema Kauli, safari hii kwa vipaza sauti vyote. Upande wa buluu ukaruka juu. Vuvuzela, ngoma, vigelegele.

Akauliza tena. "Mshindi ni Asnath." Upande wa buluu ukakaa, upande wa kijani ukaruka.

Akauliza tena. Mwamvita. Akauliza tena. Asnath. Watu walikuwa wanainuka na kuketi, wanainuka na kuketi, mpaka mbele kidogo wakaanza kuinuka wakiwa wanajicheka wenyewe, na mwisho wakainuka wote kwa pamoja, kijani na buluu, wakishangilia jina lolote lile lililotajwa. Ngoma hazikujua tena zinampigia nani. Mwamvita alikuwa amemkumbatia Asnath shingoni, wote wawili wamepinda mgongo kwa kucheka.

"Kwa hiyo anakwenda nani?" Asnath akauliza alipopata sauti.

"Mtakimbia tena kesho," akasema Bi Sombi. "Na mkitoka sare tena, mtakimbia tena."

"Kesho namwacha mbali," akasema Mwamvita.

"Unamwacha nani?"

"Wewe hapo."

"Kalale mapema, dada, usije ukasingizia usingizi."

Eliwaza alikuwa ameanza kutabasamu. Ndipo aliposikia sauti anayoifahamu kuliko zote, kutoka jukwaa la katikati. Haikuhitaji kipaza sauti. Ilikuwa imekomaa kwa kuita oda za supu.

"Mama Elia!"

Kiula alikuwa amesimama juu ya kiti. Kando yake Jingu alikuwa anamvuta suruali akimwambia akae.

"Mama Elia, mashine hii ndiyo ile ile? Ya mbio zetu?"

Kelele zikapungua, zikapungua, zikaisha. Hakukuwa na mtu Singida asiyejua mbio hizo ni zipi. Eliwaza alikuwa na nafasi ya mwisho, na aliijua. Angesema tu kwamba nguzo zimebadilishwa. Au kwamba siku ile hapakuwa na upepo. Maneno kumi yangetosha, na nusu ya watu pale wangemshukuru.

"Ndiyo, Baba Elia," akasema. "Ni ile ile. Na nimeiuliza."

"Ikasemaje?"

"Ikasema wewe. Halafu ikasema Jingu."

Hakuna aliyecheka. Mbali, mitambo ya upepo ilisikika ikizunguka. Kiula alibaki juu ya kiti, mikono imening'inia, na Eliwaza akaona kwamba amemfanyia mumewe jambo ambalo hatalirudisha tena. Alitamani ardhi ipasuke. Hakutamani, hata hivyo, kwamba angesema vingine, na hilo lilimshangaza.

Kisha Kiula akainama, akavua kiatu. Akavua na cha pili.

"Jingu!" akasema. "Twende chini."

"Kufanya nini?"

"Twende chini nimekwambia!"

"Na magoti yangu haya? Kiula, watu wanatutazama, kaa chini."

Lakini watu walikuwa wamekwisha kuelewa, na ungesema paa linang'oka. Jingu alibebwa juu juu kutoka safu hadi safu mpaka akatuliwa kwenye nyasi, akipinga muda wote, na alipotuliwa akaonekana amekwisha kukunja suruali. Kiula alishuka kwa miguu yake. Alipita mbele ya mkewe bila kusema neno, akamkabidhi viatu.

Eliwaza akaviweka kifuani. Akaiambia Kauli inyamaze. Haikuwahi kuambiwa hivyo, ikauliza mara mbili kama ni kweli. Kisha akaenda kusimama mwisho wa mbio, pembeni kabisa ya mstari, macho yake yamekaa sawasawa na rangi nyeupe.

Bi Sombi hakutaka bastola. Aliwapanga wale wanaume wawili, akarudi nyuma, akainua mkono.

"Kwenye mstari! Tayari!"

Jingu akatoka kabla. Bi Sombi akampulizia filimbi, akamrudisha kwa kumvuta sikio, na uwanja ukavunjika mbavu. Wakapangwa tena. Mkono ukashuka.

Hazikuwa mbio za kutazamwa na mtoto mdogo anayetaka kujifunza. Kitambi cha Kiula kilikwenda kwa mwendo wake na Kiula kwa mwendo wake. Jingu alikimbia amepinda upande mmoja kama mtu aliyebeba debe la maji. Lakini walikimbia kweli, meno nje, kila mmoja kwa nguvu zake zote zilizobaki, na walipofika nusu Eliwaza akajikuta anapiga kelele asijue anamwita nani. Jingu akatangulia. Kiula akakaza. Akakaza, akakaza, na pengo halikupungua hata kidogo.

Jingu alivuka mstari hatua tatu mbele. Wote wawili wakajitupa chini.

Kiula alilala chali mpaka kifua kilipoacha kupanda na kushuka kwa fujo. Kisha akainua kichwa, akamtafuta mkewe kwa macho.

"Nani?"

Alijua. Uwanja mzima ulijua, mpaka wauza karanga. Lakini alitaka alisikie kutoka kwake, na Eliwaza akampa.

"Jingu."

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa wazi kabisa, mume wangu."

Kiula akakubali kwa kichwa. Akajigeuza ubavu, akamtazama Jingu aliyelala kando yake akilishika goti.

"Kwa hiyo ile ya zamani ni sare," akasema. "Na ya leo yako."

"Yangu."

"Kwa maana hiyo, mimi sijawahi kukushinda."

"Hujawahi, jirani." Jingu alisema hivyo kwa upole, bila kumcheka.

Kiula akalitafakari jambo hilo. Eliwaza, amevikumbatia viatu, aliona uso wa mumewe ukienda mahali ambapo hakuweza kumfuata, ukakaa huko, ukarudi. Uliporudi ulikuwa mdogo kidogo kuliko ule wa mgahawani, na kijana zaidi.

"Jumamosi ijayo una kazi?" akamuuliza Jingu.